Bitiruti iliyokataa kuchanua Buhongwa

Mimi sio mkulima, niseme hilo mapema ili mtu wa kituo cha utafiti wa kilimo Ukiriguru akisoma hapa asinicheke sana. Nina matuta saba nyuma ya nyumba, Buhongwa, Mwanza, na bitiruti nilianza kulima kwa sababu ya mama mmoja anayeuza juisi pale Nyegezi stendi. Wateja wake wengi ni bodaboda, wameambiana kwamba inaongeza damu, basi kuanzia saa nne asubuhi wamejipanga na helmeti mkononi. Siku moja akaniambia, "Kaka, hizi za sokoni zinanifikia zimesinyaa, ungekuwa unanilimia hata ndoo moja kwa wiki ningekuwa mbali." Hapohapo kichwa kikaanza kupiga hesabu, ile hesabu ya mtu ambaye hajawahi kulima, ndoo mara wiki nne mara miezi kumi na mbili, kabla sijafika nyumbani nilishanunua pikapu.

Nikanunua pakti ya mbegu kwenye duka la pembejeo. Punje zake za ajabu kidogo, nyepesi, kahawia, zina makunyanzi na pembepembe kama kizibo kilichotafunwa na panya. Nikapanda kwa ustaarabu wote, shimo moja punje moja, nafasi ya kiganja, nimepima na kamba. Siku ya nane zinatoka, naangalia, kila shimo lina miche miwili, mengine mitatu, kuna moja lilikuwa na minne imebanana kama abiria wa Igoma saa moja jioni. Nikarudi dukani nimevimba. Nikamwambia kijana wa pale wamenichanganyia, hizi wamezoa chini wakati wa kufagia. Akanisikiliza mpaka mwisho afu akacheka, "Mzee, hiyo ndo bitiruti yenyewe, kapunguzie tu."

Kupunguzia we kuskie hivohivo. Unainama, unachagua mche mmoja wa kubaki, unang'oa wenzake huku umemshikilia yule uliyemchagua asitoke nao, maana mizizi imeshikana, na ukikosea unabaki na shimo tupu. Matuta saba yalinimaliza Jumamosi mbili. Usiku wa ile ya pili, nimelala kifudifudi nimepakwa dawa ya kuchua mgongo, nikashika simu nikaanza kutafuta kwa nini punje moja izae miche mitatu, na tangu usiku ule sijapona.

Kumbe kile tunachokiita mbegu sio mbegu. Maua ya bitiruti yanakaa kwenye shina kwa vishada, mawili, matatu, manne, yamegusana, na yakikomaa yanakauka pamoja yanakuwa kidonge kimoja kigumu, ndani yake kila ua lina mbegu yake. Kwa hiyo kijana wa dukani alikuwa sahihi na mimi nilimfokea bure (nilirudi kumwomba radhi, nikaishia kununua mbolea ambayo sikuihitaji).

Jambo la pili nililolikuta usiku ule ndo lililonishika kabisa. Hii bitiruti ya juisi ina ndugu, tena ndugu wa damu, spishi moja, Beta vulgaris, ukiwaweka jirani wakachanua pamoja wanazaliana bila shida. Huyo ndugu ni mweupe ndani na nje, ana umbo la karoti iliyonenepa kupita kiasi, mmoja anafika kilo na ushee, na ndo anayetoa karibu moja ya tano ya sukari yote ya dunia. Wenye Kiswahili cha vitabuni wanamwita kiazi sukari, mimi nitamwita bitiruti ya sukari maana ndo alivyo. Sisi huku Kanda ya Ziwa tukisema sukari tunaona miwa, tunaona Kagera kule, hatuna picha nyingine. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilipozuia miwa kuvunwa na bei ikapaa mpaka watu tukawa tunakoroga chai kwa nusu kijiko, jamaa yangu mmoja ambaye nilikuwa nimeshamchosha na hizi habari aliniuliza, "Sasa hizo bitiruti zako za wazungu si zingelimwa huku tupumzike?" Swali halali, nitalifikia.

Kisa kinaanzia Berlin, 1747. Mkemia anaitwa Andreas Marggraf alichukua mizizi ya bitiruti akaikata, akaikausha, akaisaga, akaichemsha na pombe kali, akachuja akaacha itulie wiki kadhaa. Zikajitengeneza chembechembe, akaziangalia kwa hadubini, akaona ni sukari ya muwa, sio kitu kinachofanana nayo, ni ileile. Afu hakufanya nayo biashara yoyote. Aliyesumbuka ni mwanafunzi wake, Franz Karl Achard, ambaye alilima bitiruti za kila namna, nyingi za kulishia ng'ombe, nyekundu, njano, nyeupe, akawa anazilinganisha moja moja mpaka akaridhika kwamba zenye ngozi nyeupe na ncha iliyochongoka ndo zinafaa. Mfalme wa Prussia akamkopesha hela, akajenga kiwanda Cunern, huko Silesia ambako siku hizi ni Poland, kikaanza kazi 1802. Kikaungua 1807. Achard mwenyewe akafa fukara 1821.

Napoleon anapewa sifa nyingi kwenye hii stori, mi naona zimezidi. Waingereza walimfungia bahari sukari ya Karibi ikawa haifiki, 1811 akaamuru hekta 32,000 zilimwe bitiruti, na mwaka uliofuata Benjamin Delessert alipomwonyesha sukari nyeupe aliyoitengeneza Passy akavua nishani yake mwenyewe akambandika kifuani. Sawa, tukio zuri la kuchora. Lakini nishani haiongezi utamu kwenye mzizi, na shida yote ilikuwa hapo, bitiruti za enzi hizo zilikuwa na sukari kama asilimia 4 mpaka 6 ya uzito wake, yaani unasomba tani nzima kwa mkokoteni ili upate kiroba kimoja au viwili. Za leo zina 16 mpaka 20. Hamna aliyekuja kuwachoma sindano ya sukari. Ni kuchagua na kutupa, kuchagua na kutupa, miaka mia mbili.

Na hapa ndo namtaja mtu ninayempenda kuliko wote, Louis de Vilmorin, Mfaransa wa ukoo wa wauza mbegu. Hebu fikiria tatizo lake. Unataka ile bitiruti tamu kuliko zote shambani ndo ibaki izae, lakini utajuaje ni tamu bila kuikata, na ukishaikata ukaikamua itazaa nini tena? Alianza na maji ya chumvi, anatumbukiza mizizi, inayozama ndo nzito, na nzito mara nyingi ndo yenye sukari. Afu akaona haitoshi. Akawa anatoboa mzizi anatoa kipande kidogo tu, anakikamua, ndani ya ile juisi anazamisha kipande cha fedha, fedha yenyewe hii madini, ambacho uzito wake anaujua, anapima. Juisi ikiwa na sukari nyingi inakibeba zaidi, mizani inasoma pungufu. Mzizi uliotobolewa haufi, anautunza, mwaka unaofuata anaurudisha ardhini unatoa maua. Hiyo ni miaka ya 1850, hamna umeme, hamna maabara, ni jamaa na mizani na ndoo.

Ila kikubwa kwangu sio ile fedha. Kikubwa ni kwamba hakumwamini mama kwa sura yake. Mbegu za kila mzizi alizitenga, akazipanda peke yake, akaangalia watoto. Unakuta mzizi wenyewe mtamu balaa lakini umezaa watoto wa hovyo, basi anafuta ukoo mzima. Mwingine wa kawaida tu watoto wake wote wazuri, huo anabaki nao. Na kila jibu la namna hiyo ni miaka miwili, maana bitiruti mwaka wa kwanza inajaza mzizi tu, maua ni mwaka wa pili. Mimi wiki mbili za kusubiri kitambulisho nakuwa nimeshagombana na watu watatu.

Bibi yangu mzaa mama, Magu, alikuwa anafanya nusu ya kazi hiyo na hakuna aliyemwita mtaalamu. Wakati wa kuvuna viazi vitamu alikuwa anatembea na vijiti vimefungwa kwenye kanga, akikuta shina limezaa viazi vinne vitano vimenyooka, akakivunja kimoja akaona ndani kikavu, anachomeka kijiti, na marando ya pale ndo yanakwenda kupandwa bondeni kwenye unyevu yasubiri mvua. Ukijichanganya ukakata marando ya shina lisilo na kijiti utasikia, "Ng'wanawane, unataka mwakani tule maji?" Kwake kipimo cha mwisho kilikuwa matobolwa, kiazi kikichemshwa kikakatwa kikaanikwa kwenye jiwe kisiwe kinanata wala kisigeuke cheusi. Ila bibi alikuwa na bahati ambayo Vilmorin hakuwa nayo. Rando ni shina lilelile, ukilichomeka unapata kiazi kilekile ulichokula jana. Bitiruti inapandwa kwa mbegu, na mbegu ina baba, na baba kaja na upepo kutoka shamba usilolijua.

Sasa turudi kwenye mgongo wangu. Kile nilichokifanya Jumamosi mbili, Ulaya na Marekani walikifanya kwa zaidi ya miaka mia, ekari kwa ekari, vibarua wameinama na majembe ya mpini mfupi, wengi wao watu wa kuhamahama wanaofuata msimu. Mashine haiwezi, itajuaje abaki nani kati ya watatu waliokumbatiana? Dawa ilikuwa kupata bitiruti yenye ua mojamoja badala ya vishada, na hiyo watu waliitafuta sana. Waliokuja kuiweka sawa kwa upande wa Marekani ni mume na mke, Viacheslav na Helen Savitsky, wataalamu wa bitiruti kutoka Ukraine ambao vita iliwasomba wakaangukia Marekani 1947. Mwaka 1948 wakaingia kwenye shamba la mbegu huko Oregon wakawa wanapita mmea kwa mmea, wanaangalia vishada kwa macho. Shamba zima wakaondoka na mimea mitano. Mitano, na kati ya hiyo mmoja waliouita SLC 101 ndo uliobeba mzigo karibu wote. Sifa yenyewe iko kwenye jeni moja tu ila ni ya kujificha, mmea usipoirithi kwa baba na kwa mama haionekani, ndo maana walikuwa wanaikosa mbele ya macho yao. Ilipofika miaka ya 1970 kupunguzia kwa mkono kulikuwa kunageuka hadithi kwenye mashamba makubwa, mashine inadondosha punje moja, unaota mche mmoja, mtu anapita na trekta anasikiliza redio.

Nilipofika hapo niliamka nikaenda kuangalia pakti yangu tena. Hamna mahali imeandikwa chochote. Yaani tatizo limeshatatuliwa kwa ndugu wa sukari kabla sijazaliwa, mimi wa juisi bado nauziwa vishada.

Chotara nitapita harakaharaka. Miaka hiyohiyo ya 1940 mtu anaitwa F. V. Owen, Salt Lake City, alipata bitiruti ambazo chavua yake imekufa ila upande wa kike mzima, na ugumba huo unapita kwa mama. Maana yake unaweza kupanga ndoa, mistari hii majike yasiyojiweza, mistari ile baba unayemtaka, mbegu unazovuna kwenye majike zote ni chotara. Karibu kila bitiruti ya sukari inayolimwa duniani leo imebeba ugumba wa ukoo huo mmoja wa Owen, kitu ambacho kingekuwa mali yangu kingekuwa kinaninyima usingizi. Na mbegu ya namna hiyo hutunzi, mwakani watoto wanatawanyika kila mmoja na sura yake kama mahindi ya chotara, unarudi dukani.

Kinachonipa raha ni pale wataalamu wanapokwama. Miaka ya 1950 Italia kulianza ugonjwa, unang'oa bitiruti unakuta mzizi mdogo umeota nyuzinyuzi pande zote kama ndevu za mzee, sukari imekwisha. Ni kirusi, kinabebwa na kijidudu kinachoishi kwenye udongo, na ukishaingia shambani hautoki, utangoja miaka na miaka bado upo. Rizomania wanauita. Nchi baada ya nchi ikaingia. Kinga moja ilionekana 1983 kwenye bitiruti za kampuni moja ya Marekani, nyingine ikatoka kwa mmea pori kule Denmark. Huyo pori ni bitiruti ya ufukweni, bibi wa wote hawa, anaota kwenye kokoto za bahari huko Ulaya, anapigwa na chumvi na upepo, mzizi wake mgumu kama kuni, ukimkuta njiani unamkanyaga. Na haikuwa mara ya kwanza, mwanzoni mwa karne ya 20 Ottavio Munerati, Mwitaliano wa Rovigo, alishawahi kwenda kumchukua kwenye mdomo wa mto Po akamvusha kwenye bitiruti ya sukari ili ipate kustahimili ugonjwa wa madoa ya majani. Bei yake ni kwamba pori haji na kinga peke yake, anakuja na mzizi wa matawi, anakuja na sukari kiduchu na haraka ya kuchanua, kwa hiyo unamrudisha kwa wazazi watamu kizazi baada ya kizazi mpaka kibaki kile ulichokifuata tu. Kromosomu jozi tisa, jeni 27,421 walizohesabu walipochapisha ramani yake nzima 2014, na unachokitaka ni kimoja.

Tangu nisome hilo, nikikaa Luchelele kwenye mawe naangalia majani yaliyojiotea pembeni ya ziwa naona kama nayadai kitu.

Haya, swali la jamaa. Je, zilimwe huku? Mzizi ungejaa, sina wasiwasi, hata hizi za juisi zimejaa vizuri tu. Misri wanalima, na leo sukari yao inatoka zaidi kwenye bitiruti kuliko kwenye miwa. Ila Misri wenyewe mbegu wananunua nje kila mwaka, na sababu ni ileile iliyonikuta mimi kwenye tuta la saba.

Tuta la saba nililiacha makusudi. Nilijiambia nitakuwa na mbegu zangu, pakti sinunui tena. Miezi sita, kimya. Miezi tisa, majani mapya yanatoka katikati, mzizi umekuwa kama kichwa cha mtoto umepasuka juu, ukikata ndani mbao. Mwaka, hamna ua. Bitiruti haichanui mpaka ipigwe na baridi, na sio baridi yetu ya Julai ya kuvaa sweta saa kumi na mbili asubuhi, ni nyuzi 4 mpaka 8 kwa miezi miwili mitatu mfululizo. Ni namna yake ya kujua kwamba kipupwe kimepita na sasa anaweza kuzaa. Mwanza kipupwe hakiji, basi anangoja. Ukilima huku kiwanda kizima kitakuwa kinaagiza mbegu kutoka kusini magharibi mwa Ufaransa au Italia kaskazini au Oregon, milele, wakati muwa unaukata pingili unaufukia unaota. Jamaa nikamwambia akae na muwa wake.

Mimi nikashindwa kuacha. Mama mkwe ana friji ya kuuzia soda, Mkolani. Nikapeleka bitiruti tatu zimefungwa kwenye gazeti, nikamwomba droo ya chini. Akaniangalia vile mama mkwe anavyomwangalia mkwe, akasema "Weka mwanangu." Wiki kumi na mbili. Moja ilioza ule mwezi umeme ulikuwa unakatika. Moja nikaichukua nikaipanda kwenye ndoo, ya tatu nikaiacha palepale kama akiba.

Ya kwenye ndoo ikatoa majani. Majani tu. Nikarudi kwenye simu, kumbe baridi peke yake haitoshi, inataka na siku ndefu, huko kwao kiangazi jua linazama saa tatu usiku, na sisi hapa mwaka mzima ni masaa kumi na mbili ya mchana, kumi na mbili ya usiku. Nikavuta waya nikaning'iniza balbu juu ya ndoo, inawaka toka saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano. Luku ikaanza kulia. Wale wadudu wa ziwani wakawa wanakuja kama moshi, jirani akamuuliza mke wangu kwa upole kama kule nyuma kuna mgonjwa. Wiki ya sita, asubuhi, katikati ya majani kuna kitu kimesimama. Shina! Lina mistari, limenyooka, linaongezeka kila siku, mpaka likanifika kifuani, na vishada vyake vidogo vya kijani ambavyo kama hujui huwezi kuita maua.

Siku hiyo nikapiga picha arobaini. Usiku nikasoma kidogo zaidi nijue nitavuna lini, nikakutana na sentensi moja kwamba bitiruti nyingi hazikubali chavua yake yenyewe, lazima ipate ya mwenzake. Nikakumbuka ya tatu kwenye droo. Saa nne usiku nikampigia mama mkwe, shikamoo mama, marahaba mwanangu, habari za huko, salama, nikazunguka weee mpaka nikafika kwenye ile bitiruti yangu iliyobaki.

"Ile nilisaga juzi na tangawizi, si ulisema inaongeza damu," akasema. "Tamu hiyo. Unayo nyingine?"